Kompyuta Iliyomwagiwa Poda

Wadogo zangu wa section bâtiment, idara yetu ya ujenzi,

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, keki na ombi moja: niandike yale ambayo hayamo katika silabasi. Saa imeshasimama, keki ililiwa na majirani, ombi limebaki. Sitaandika habari za vyeo, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika habari za mchanga, za mteremko, na hasa za siku ile tulipomwagia poda kompyuta, kwa sababu nasikia mnaanza kuisimulia vibaya. Wengine wanasema ulikuwa unga wa muhogo. Ilikuwa poda ya watoto wachanga, yenye harufu nzuri, na mimi nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kupiga chafya.

Nilianza kama assistante katika maabara ya vifaa vya ujenzi, hapa hapa Bukavu, katika jengo la chini ambalo tunawafundishia watu kujenga na ambalo bado linavuja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, kwa heshima ya chuo kikuu. Mkuu wa maabara, Papa Mugisho, aliviangalia viatu, akakiangalia kilima, kisha akaniuliza kwa upole, "Maman, hii biatu iko bizuri. Itashuka yenyewe ku chantier, ao utaibeba?"

Nilivibeba. Nilishuka peku mpaka mahali pa ujenzi, kwenye lundo la mchanga, na huko ndiko nilikopata somo langu la kwanza la kweli. Papa Mugisho alichota mchanga kiganjani, akaufinya karibu na sikio lake, akausugua. Kisha akanipa na mimi. "Sikia. Mchanga safi unalia. Wenye udongo unanyamaza." Nilisugua. Ulinyamaza. Nilipofungua kiganja kilikuwa chekundu kama nimekula mawese. "Rudisha kwa mwenye kuuzisha," akasema, "na umusalimie." Baadaye tuliuingiza mchanga uleule katika mashine, mashine ikatoa namba, na namba ikakubaliana na kiganja. Papa Mugisho aliipongeza mashine.

Kwa mtu anayefundisha ujenzi katika mji huu, kazi yote ni mteremko. Mnajua jinsi tunavyokaa: paa la mmoja ni ua wa mwenzake, na mama wa juu akimwaga maji ya kufulia, mama wa chini anajua rangi ya nguo zao. Kwa hiyo somo langu kubwa, miaka yote, lilikuwa ukuta wa kuzuia udongo. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi kwenye kuta zilizosimama na, mara nyingi zaidi, kwenye kuta zilizolala. Tulikuwa tunashuka pamoja, tunagusa, tunapima, tunabishana na mwenye nyumba, tunapewa chai. Sikuwahi kufikiri kwamba somo hilo linaweza kuingia katika simu.

Kisha likaingia katika simu. Ugonjwa ulitufungia milango, baadaye barabara nazo zikaanza kujifunga zenyewe kwa sababu mnazozijua, na wakuu wetu wakatangaza kwamba masomo yatakuwa en ligne. Kwa wanahistoria haikuwa taabu; historia imeshapita, unaweza kuisimulia popote. Lakini mimi niliulizwa: utafundishaje zege kupitia mtandao? Nikajibu kwa furaha kwamba nitaona. Hili nawaomba mlishike: mkiulizwa jambo lisilowezekana, jibuni kwa furaha, halafu mkae kitako mfikiri.

Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi kutoka kila upande. Mmoja alikuwa Sange, kwenye tambarare, ambako hakuna mteremko hata wa kutelezesha bata. Aliniandikia kwa huzuni kwamba hana kilima. Nikamwambia atengeneze. Alipanga magunia ya mahindi ya mjomba wake mpaka yakawa kilima, akajenga ukuta mdogo wa matofali mbele yake, na ukuta ulishikilia vizuri sana hadi mjomba alipouza mahindi. Mwingine alikuwa Luhwindja, kwenye machimbo. Nilimwomba aonyeshe udongo wake mbele ya kamera, akauonyesha, na darasa zima likaacha kuuliza habari za mfinyanzi likaanza kuuliza habari za dhahabu. "Sogeza karibu!" "Pale pembeni, kuko kitu inangaa!" Ilikuwa mica, jiwe la kung'aa lisilo na bei. Somo la siku hiyo halikurudi.

Kuhusu mchanga, nilishikilia njia ya Papa Mugisho. Kila mwanafunzi alisugua mchanga karibu na simu, akanitumia sauti. Mume wangu aliishi miezi kadhaa katika nyumba ambamo mke anakaa sebuleni, macho yamefumbwa, akisikiliza watu wakisugua mchanga, na kila baada ya muda anasema, "Huyu ana udongo." Hakuwahi kuuliza. Ndoa nzuri ina mambo ya namna hiyo.

Lakini taabu kubwa ilikuwa picha. Mnaijua ile koni ya chuma ya kupimia zege mbichi: unaijaza, unaivua, unaangalia zege imeshuka kiasi gani. Mwanafunzi mmoja alinitumia video ambayo zege yake ilishukia pembeni, kuelekea dirishani. Mwingine, yake ilipanda. Walikuwa wameegemeza simu kwenye mawe, kila mmoja kwa ulalo wake. Nilifikiri sana, kisha nikatoa amri: katika kila video lazima ionekane timazi inaning'inia, kamba na kijiwe, basi. Ilinichekesha kwamba chuo kikuu kizima cha mbali kilihitaji kwanza tukubaliane chini ni wapi. Lakini tulipokubaliana, kazi ilianza kwenda.

Sasa nije kwa Furaha.

Furaha alikuwa msichana wa kisiwa cha Idjwi, katika lile kundi la kwanza lililosoma kwa mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anapanda mahali palipo na network, juu ya shamba la nanasi la baba yake, anasomea pale. Katika picha nyuma yake kulikuwa na mbuzi mmoja ambaye, nadhani, alihudhuria zaidi ya wanafunzi wengine. Kwa kazi yake ya mwisho hakutaka ukuta wa mfano. Kulikuwa na shule ya msingi kisiwani iliyojengwa chini ya kilima, na udongo ulikuwa umeanza kuegemea madarasa ya nyuma. Wazazi walileta mawe, Furaha akachora, akasimamia, na mimi nikafuata kila hatua kupitia simu, timazi ikining'inia mbele yangu. Ukuta ukapanda, ukakamilika.

Ila kamati ya wazazi ilikuwa imesema wazi: watoto hawataingia tena katika madarasa ya nyuma mpaka ukuta upate saini ya mtu mwenye diplome. Na fundi mwingine, mwenye diplome na asiye na ukuta, alikuwa ameshawaambia kwamba msichana akianguka, yeye yuko tayari kuubomoa na kujenga wake. Kwa hiyo Furaha alikuwa na siku moja ya kutetea kazi yake mbele ya jury, jopo la watahini. Akifaulu, anasaini, watoto wanarudi darasani. Asipofaulu, mawe ya wazazi yanashuka kilima.

Kanuni mpya iliruhusu mwanafunzi wa mbali atetee kutoka mbali. Lakini hakuna kanuni iliyowahi kuzuia familia. Mnajua siku ya kutetea, défense, ilivyo kwetu: shangazi wanashona kitenge kimoja, mtu anabeba sufuria, mwingine kuku aliyefungwa miguu, na mkobani kuna makopo ya poda ya kumwagia mshindi. Furaha alikuwa Idjwi. Familia ya Bukavu ikaja ukumbini hata hivyo, imejaa, imevaa.

Mbele ya jury tulikuwa tumeweka kompyuta moja juu ya meza, na ndani yake Furaha, amesuka vizuri. Mjomba wake, Tonton Cirhuza, mwenye kofia na sauti ya soko, aliitazama ile meza kwa uchungu.

"Mutoto wetu hawezi kubakia pa meza sawa sahani. Muketishe."

Tukailetea kiti. Kompyuta ikaketishwa. Shangazi, Maman Nsimire, akaifunga kitenge cha familia kiunoni, yaani chini ya vitufe, kisha akakirudia akakikaza. "Sasa iko ya adabu," akasema.

Shida ya pili ilikuwa mjumbe wa nje wa jury, profesa wa Lubumbashi. Yeye naye alikuwa ndani ya kompyuta ileile, katika dirisha dogo kwenye kona.

"Na huyu muzee?" Tonton Cirhuza akauliza. "Anafanya nini mu mutoto wetu?"

"Ni profesa, Papa. Ni wa jury."

"Atoke basi pembeni yake. Anaweza kumunong'oneza majibu, banasema tumeiba."

Profesa, ambaye alikuwa anasikia kila kitu, alisema kwa heshima kwamba atasogea. Akasogeza kiti chake kule Lubumbashi. Tonton akaridhika.

Rais wa jury alikuwa mwenzangu wa miaka mingi, mtu wa mekanika ya udongo, mwenye tai kila siku hata Jumamosi. Hakuwapenda wanafunzi wa mtandao. Kwake mtu ambaye hajachafua viatu mbele yake hajasoma. Alimhoji Furaha juu ya msingi, juu ya mawe, juu ya unene wa ukuta, na Furaha alijibu kila kitu bila haraka. Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Kompyuta ilikuwa inaishi kwa betri yake na ukumbi kwa madirisha. Kisha rais akavua miwani, na mimi namjua: akivua miwani swali zuri linakuja.

"Mademoiselle, swali la mwisho. Unaniambia ukuta wako una matundu ya kutoa maji. Matundu naona ku picha. Mais picha ilipigwa ku jua. Mvua ikinyesha, nani ananihakikishia kama inafanya kazi?"

Furaha alifungua mdomo kujibu, na wakati huohuo umeme ukarudi.

Sina haja ya kuwaeleza umeme ukirudi Bukavu inakuwaje. Mtaa mzima ulipiga kelele. Kutoka Nguba kule chini mpaka juu kilimani, kila dirisha, kila kiosque, kila mtoto: "Eeeeh! Courant!" Vigelegele, sufuria, muziki uliokuwa umekatikia katikati ukaendelea palepale ulipoishia. Na ndani ya ukumbi, familia iliyokuwa imekaa tangu asubuhi ikisubiri kelele za ushindi, ikasikia kelele za ushindi.

Maman Nsimire alikuwa wa kwanza. Alimwaga kopo zima. Tonton alimwaga la pili juu yake. Binamu, wajukuu, mwanamke mmoja ambaye baadaye tuligundua alikuwa amekuja kwa défense ya mtu mwingine, wote wakamwaga. Uso wa Furaha ukawa mweupe, kisha ukatoweka. Profesa wa Lubumbashi alionekana kwa muda mfupi akiwa kama mtu aliyesimama kwenye theluji, halafu naye akaenda. Kompyuta ilitoa mlio mdogo wa kuomba radhi, ikazima.

"Simameni!" rais alipaza sauti. "Jury haijasema kitu!"

Poda ilikuwa bado inashuka taratibu.

"Namna gani haijasema?" Tonton Cirhuza akauliza, kopo mkononi.

"Ile ilikuwa courant, Papa."

Tonton aliitazama taa. Ilikuwa inawaka. Mtu mwingine angeona haya, lakini yeye aliketi akaweka kofia gotini kama wakili. "Bon. Courant ni courant. Mais mutoto ameshamwangiwa poudre. Poudre haifutwake. Mutu anarudia nayo ku nyumba, watu ba ku njia banamuona. Sasa mutamurudisha mu masomo naye iko mweupe?"

"Umeweka paa mbele ya msingi," rais akasema.

"Nyumba ikishapata paa, Papa Président, watu banaingia."

Nawaambia kweli, jury ilikaa kujadili jambo hilo. Je, poda iliyomwagwa juu ya kompyuta ni poda iliyomwagwa juu ya mtahiniwa? Katibu alisema hapana, mtahiniwa yuko Idjwi na ni mkavu. Mjumbe mwingine akasema basi na majibu yake yote tuliyasikia kutoka kwa kompyuta, na kama kompyuta si mtahiniwa, tumemhoji nani tangu asubuhi? Hapo rais alivaa miwani tena. Kisha katibu akakumbuka kwamba profesa wa Lubumbashi naye amemwagiwa, na Maman Nsimire akasema kutoka nyuma, kwa ukarimu, "Huyo naye amefaulu. Hatumukatalie."

Mimi nilikuwa naigeuza kompyuta juu chini, inatoa poda kama kinu. Haikuwaka. Nilijua jambo moja ambalo katika kicheko kile lilikuwa linasahaulika: kwa kanuni zetu, swali lisilojibiwa linahesabiwa limekosewa, na rais alikuwa na haki ya kufunga kikao. Kule kisiwani kulikuwa na msichana aliyeona skrini yake inakuwa nyeupe kabla hajajibu, na hakujua kama anaruhusiwa kusaini. Nilisimama, nikasema hivyo hivyo. Nikaomba simu yoyote yenye unité, salio la kupigia.

Simu zote za kisasa ukumbini zilimtafuta kisiwani kwa intaneti bila kumpata. Iliyompata ilikuwa ya Maman Nsimire, ile ndogo ya vitufe, yenye kutoa sauti kubwa kuliko mwili wake. Akaipiga, akaishika juu katikati ya ukumbi.

"Furaha! Uko wapi?"

Tulisikia kelele nyingi, kama mtu anakaanga kitu.

"Tantine? Kuko mvua hapa! Mvua mukubwa!"

"Ingia mu nyumba!"

"Siko ku nyumba. Kompyuta ilipozima nimeona wingu juu ya kilima, nikakimbia. Niko ku shule. Niko chini ya ukuta."

Familia ilipiga yowe. Maman Nsimire alikaribia kuiangusha simu. Rais wa jury aliinuka kutoka kitini, akaja mwenyewe, tai imejaa poda, akaweka mdomo karibu na ile simu ndogo.

"Mademoiselle, hapa ni jury. Unafanya nini chini ya ukuta mu mvua?"

"Papa Professeur, ulisema nani atakuhakikishia. Njo nimekuja kuangalia. Matundu yote inatoa maji. Isipokuwa moja, ya pembeni ku choo. Imeziba. Niko naizibua na chuma."

"Ukuta unasukumwa?"

"Hapana, Papa. Timazi iko palepale. Mais hii tundu ikibakia ivi, kesho itasukumwa."

Rais hakusema kikao kimefungwa wala kimefunguliwa. Alibaki ameinama. Na familia ya Furaha, ambayo asubuhi nzima haikujua somo lenyewe linahusu nini, sasa ilielewa kabisa: kuna tundu, lazima lifunguke.

"Sukuma, Furaha!" shangazi mmoja akaita.

"Sukuma, mama! Sukuma!"

"Usiogope, inakuya!" akapaza sauti yule mwanamke aliyekuja kwa défense ya mtu mwingine. Nusu ya ukumbi walikuwa wakunga kwa namna moja au nyingine, na walifanya kazi wanayoijua. Katibu alikuwa amesimama juu ya kiti. Tonton Cirhuza alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda, nadhani ilikuwa rozari.

Halafu kutoka kwenye simu ikaja sauti ya Furaha, inahema. "Imefunguka."

Ukumbi ulilipuka kuliko wakati wa umeme. Maman Nsimire aliingiza mkono mkobani, akatikisa kopo moja, jingine, na rais akainua kidole bila kugeuka.

"Bado," akasema. Kisha kwenye simu, taratibu, kwa sauti ambayo kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mwanafunzi, "Furaha. Maji iko rangi gani?"

Ninyi mnaelewa kwa nini aliuliza rangi, ila niwaeleze wale wa mwaka wa kwanza. Nyuma ya tundu huwa tunapanga kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Maji yakitoka na rangi ya udongo na kuendelea hivyo, kilima kinatoroka kupitia ukuta wako kidogo kidogo, na siku moja ukuta utasimama peke yake hauna cha kuzuia, halafu hautasimama. Maji yakiwa safi, umejenga. Hakuna swali zuri zaidi ya hilo, na haliwezi kujibiwa na mtu aliyekaa ukumbini. Wala mimi niliyemfundisha sikulijua jibu lake.

Tulimsikia anainama. Mvua iliendelea kukaanga. Hakuna aliyekohoa, na poda ilikuwa tele.

"Ilianza kutoka nyekundu," Furaha akasema. "Ngoja kwanza, Papa."

Rais akangoja. Familia yote ikangoja, na vitenge vyake na kuku wake.

"Sasa iko safi. Nimechota mu mukono, naona vidole byangu."

Rais aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Hakuwapeleka chumba cha pili kujadili, kama kanuni inavyotaka. Alisimama wima, akapangusa tai yake mara moja, akasema ile sentensi ya siku zote kwamba jury inamwomba mtahiniwa asimame.

"Nimesimama, Papa," simu ikajibu. "Kuketi haiwezekane. Kuko matope."

Akasoma matokeo yake kwa sauti: distinction, alama za juu. Halafu akachukua kalamu kwa katibu, akapuliza poda kwenye karatasi, akaweka saini.